Dakika 3,060 za vijana wa Changamwe

Dirisha la usajili likifunguliwa tu, kila maskani ya Changamwe hugeuka kamati ya ufundi. Kuanzia Chaani hadi Magongo, Port Reitz hadi Mikindani, kila mtu ana orodha yake ya wachezaji ambao Bandari FC inafaa kuwaleta. Huyu anataka straika Mganda. Yule amesikia kuna beki wa nguvu anatoka bara. Halafu kuna yule jamaa wa pembeni, mara nyingi aliyewahi kusakata gozi mwenyewe, ambaye kila mwaka huuliza swali lile lile: "Kwani hapa kwetu hakuna wachezaji?"

Hapo ndipo moto huwaka. Kambi ya kwanza inasema timu ni ya Mombasa, pesa zinatoka bandarini kwetu, kwa hivyo wacheze watoto wa Mombasa. Kambi ya pili inajibu: sisi tunataka kombe, hayo mambo ya kulea watoto pelekeni chekechea. Ubishi unaenda hadi kahawa inaisha, na kesho yake unaanza upya.

Mimi nasema kambi zote mbili zimekosea hesabu. Tunabishana kuhusu majina na kwao ni wapi, wakati kitu cha kubishania ni dakika. Mchezaji mchanga hakui kwa kuandikishwa, wala kwa kupigwa picha ameshika jezi. Anakua akiwa uwanjani, saa inasonga, mashabiki wanapiga kelele na kosa lake linaweza kuwagharimu wenzake pointi tatu. Ukitaka kujua kama klabu inajali vijana, usiulize wangapi wamesajiliwa. Uliza wamecheza dakika ngapi.

Tuanze na ukweli ambao kambi ya kwanza haiupendi. Bandari ilipokuwa tamu kweli kweli, ilikuwa na wageni waliofanya kazi. Timu ya Bernard Mwalala ilimaliza ya pili kwenye Ligi Kuu msimu wa 2018, ikarudia nafasi hiyo hiyo msimu wa 2018/19. Januari 2019 ilienda Dar es Salaam kwenye SportPesa Cup, ikaichapa Simba kwenye nusu fainali na kufika fainali. Mwezi Juni mwaka huo ikabeba ngao ya SportPesa Shield kwa kuilaza Kariobangi Sharks 3-1, kisha ikaenda kucheza Kombe la Mashirikisho la Afrika, ambako iliitoa Al-Ahly Shendi ya Sudan na Ben Guerdane ya Tunisia kabla ya kuangushwa na Horoya ya Guinea.

Sasa niambie, kwenye kikosi kile nahodha alikuwa nani? Felly Mulumba, Mkongomani. Mabao yalitafutwa na nani? William Wadri, Mganda, na Yema Mwana, Mkongomani mwingine. Langoni alisimama Faruk Shikalo, ambaye Yanga walimchukua mwaka huo huo wa 2019. Hawa watu walikuja kazini na kazi wakaifanya. Mtu wa Changamwe aliyekuwa akivuka Makupa kwenda Mbaraki kuwatazama hakuuliza pasipoti zao. Aliimba.

Kwa hivyo usinijie na hoja kwamba mchezaji wa kununuliwa ni hasara. Mchezaji wa kununuliwa ana kitu ambacho mtoto wa juzi hana: ameshafanya makosa yake kwingine, kwa gharama ya klabu nyingine. Ameshakosa penalti ugenini, ameshalia, ameshatukanwa, ameshajifunza. Ukimleta, unanunua ule uzoefu. Ligi ina timu 18 na mbili za mkia zinashuka moja kwa moja. Ukiwaweka uwanjani watoto 11 waliotoka Kidato cha Nne jana, Mei utakuwa unatafuta kikokotoo.

Lakini kambi ya pili nayo isishangilie. Kombe la ligi lenyewe liko wapi? Klabu ya Pwani iliyotwaa ubingwa wa taifa ni Feisal, na hiyo ilikuwa mwaka 1965. Babu yako alikuwa kijana. Tangu hapo tumenunua, tumeuza, tumebadilisha makocha, na kombe hilo halijarudi kuvuka Mto Sabaki wala kushuka Mazeras. Kama kununua peke yake ni dawa, mbona mgonjwa bado yuko kitandani?

Tena kununua kuna deni. Waulize mashabiki wa AFC Leopards. Mwaka 2021 FIFA iliifungia klabu hiyo kusajili kwa sababu ya malipo ambayo wachezaji na makocha wake wa zamani walikuwa wakidai. Kocha Patrick Aussems akajikuta lazima ategemee vijana. Angalia mpangilio huo vizuri: vijana waliingia kwa sababu mlango wa kununua ulifungwa na mtu wa nje. Hakuna aliyekaa chini mapema akapanga. Na kijana anayeingizwa kwa dharura anabebeshwa mzigo wa dharura. Akifeli, watu wanasema, "Si tuliwaambia?"

Timu za vijana watupu nazo zina hadithi yake. Mathare United ilitoka kwenye mradi wa MYSA, ulioanzishwa Mathare mwaka 1987. Ilikuwa timu ya mtaa, vijana waliokua pamoja tangu wadogo, na mwaka 2008 ikawa bingwa wa Kenya. Dennis Oliech, ambaye baadaye alicheza Ufaransa kwa miaka, alipita pale. Kwa hivyo yeyote anayekwambia kwamba watoto wa mtaa hawawezi kushinda ligi, mwambie inawezekana, imeshafanyika. Lakini mwambie pia mwisho wake: wachezaji wazuri waliendelea kuondoka, pesa zikapungua, na timu ile ile ikashuka daraja kabla ya kupambana kurudi. Kulea bila kuwa na wakubwa wa kuwazunguka vijana, na bila pesa ya kuziba pengo mmoja akiuzwa, ni kama kuchota maji kwa pakacha.

Hii vita si yetu peke yetu. Kule Marekani, vyuo vikuu vinacheza ile futiboli yao ya kubeba mpira mikononi, na viwanja vinajaa kuliko Kasarani siku ya dabi. Kwa miaka mingi makocha walikuwa wakitembelea shule za upili kuchagua wanafunzi na kuwalea chuoni. Mwaka 2018 kukaanzishwa mfumo wa mtandaoni ambapo mchezaji anajiandikisha kwamba anataka kuhama. Mwaka 2021 akaruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje msimu mzima, na mwaka 2024 vizuizi vilivyobaki vya idadi ya kuhama vikaondolewa. Ghafla kocha akawa na chaguo: nimchukue mtoto wa miaka 18 nimsubiri, au nimchukue jamaa wa miaka 22 aliyeiva chuo kingine?

Deion Sanders alipofika Colorado, timu ilikuwa imeshinda mechi moja tu mwaka 2022. Akabadilisha karibu kikosi chote kwa wachezaji wa kuhama. Mwaka 2023 akashinda mechi nne na kupoteza nane. Mwaka 2024 akashinda tisa na kupoteza nne. Upande wa pili kuna Dabo Swinney wa Clemson, aliyebeba ubingwa wa taifa wa misimu ya 2016 na 2018 kwa vijana aliowalea, halafu akasita sana kuchukua wa kuhama. Aliendelea kushinda mechi nyingi, lakini ule ubingwa wa taifa haujarudi. Mmoja alinunua nyumba iliyokwisha kujengwa, mwingine akaendelea kufinyanga matofali yake mwenyewe. Anayeumia katikati ni yule mwanafunzi wa sekondari anayesubiri simu, kwa sababu nafasi yake imekaliwa na mtu mzima.

Huyo mwanafunzi anayesubiri simu unamjua. Yuko hapa Changamwe pia.

Angalia kalenda. Mtihani wa KCSE huisha Novemba. Ligi Kuu inakuwa imeanza tangu Agosti au Septemba, na inaenda mpaka katikati ya mwaka unaofuata. Kwa hivyo kijana anatoka shuleni wakati klabu ziko katikati ya vita vya pointi. Dirisha dogo la Januari ni la kuziba mapengo: beki ameumia, straika hafungi, kocha anaona kibarua kinaota nyasi. Nani wakati huo ana muda wa mtoto wa miaka 18? Anaambiwa arudi Juni.

Kutoka Novemba hadi Juni ni miezi saba. Miezi saba bila mechi za maana, bila mtu wa kumkanda misuli, bila nauli ya kuvuka kisiwani kwa majaribio. Shuleni alikuwa na jezi, ratiba, mwalimu wa michezo wa kumfokea na basi la kumpeleka mashindanoni. Sasa ana kiwanja cha mtaa kinachogombaniwa na malori. Nyumbani chakula kinataka pesa. Rafiki yake ana bodaboda ya mkopo, anamwambia ashike zamu ya usiku. Mjomba anajua mtu kwenye yadi ya makontena. Shangazi ana namba ya wakala wa kazi za Qatar. Zote hizo ni kazi halali, na simlaumu anayezishika. Ila Juni ikifika, yule winga aliyekuwa akiwasumbua mabeki wa shule zote za kaunti ameshaongeza kilo sita, goti linauma, na simu hapokei tena mtu akimwita mazoezini. Na wengine, unajua na mimi najua, wanaishia kwenye vichochoro ambavyo hatutaki kuvitaja.

Hapo ndipo tunapopoteza wachezaji. Hatuwapotezi kwa sababu hawana kipaji. Hatuwapotezi kwa sababu Mganda amewanyang'anya namba. Tunawapoteza kwenye pengo la kalenda ambalo hakuna mtu anayelisimamia: shule imeshamaliza naye, na klabu haijaanza naye.

Na usidhani mtaala mpya utaliziba pengo hilo wenyewe. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi 10 wameanza sekondari pevu Januari 2026, na mmoja wa mikondo mitatu wanayochagua ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Ni jambo zuri. Lakini kijana akimaliza mkondo huo akakuta mlango wa klabu umefungwa mpaka Juni, atakuwa amesomea tu jinsi ya kusubiri.

Wenzetu wa Uganda walilitatua kwa njia yao. Kule Kitende, kwenye barabara ya Kampala kwenda Entebbe, kuna shule ya St Mary's. Kuna klabu ya Vipers. Na kuna uwanja wa St Mary's, uliofunguliwa mwaka 2017. Vyote viko pamoja, na nyuma ya vyote yuko mtu mmoja, Lawrence Mulindwa, aliyewahi kuwa rais wa shirikisho la soka la Uganda. Mwanafunzi wa Kitende haoni klabu kubwa kwenye televisheni. Anaiona akitoka darasani. Shule hiyo inatisha kwenye mashindano ya shule za Afrika Mashariki. Na Vipers yenyewe haijifanyi ya watoto watupu. Inanunua, inaleta wageni, ilileta kocha Mbrazili, na mwaka 2022 iliitoa TP Mazembe kwa penalti na kuingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Imekusanya mataji ya ligi kwa kufanya vyote viwili kwa wakati mmoja.

Utasema, lakini Mulindwa ni mtu binafsi mwenye pesa na shule zake. Kweli. Sisi tuna kitu ambacho yeye hana: Mamlaka ya Bandari, shirika la umma, ambalo gati na mitambo yake ya Kipevu unaiona ukiwa Changamwe. Tuna Bandari Maritime Academy hapa hapa Mombasa. Tuna shule za sekondari Changamwe, Miritini, Mikindani na Port Reitz ambazo kwa matatu si safari ya kutisha. Vipande vyote vipo mezani. Hakuna aliyevishona.

Kwa hivyo nipendekeze hesabu, kwa sababu maneno ya "tuwape vijana nafasi" tumeyasikia hadi masikio yameota sugu.

Timu inacheza mechi 34 za ligi kwa msimu. Mara dakika 90, unapata dakika 3,060 kwa kila nafasi ya uwanjani. Ziko nafasi 11. Mimi naomba moja. Nafasi moja kati ya 11, dakika 3,060 kwa msimu, zitengwe kwa wachezaji wasiozidi miaka 20 waliotoka shule na timu za mitaa za Pwani. Zigawe kwa vijana watatu, kila mmoja anapata dakika 1,020, yaani zaidi ya mechi 11 kamili. Zingine kumi zote, kocha anunue anavyotaka: Mganda, Mkongomani, mtu wa Kakamega, mtu wa Kisumu, yeyote mwenye mguu.

Nafasi moja haiangushi timu. Ukizungukwa na wachezaji kumi wanaojua kazi, makosa yako yanafunikwa. Na huyo mgeni wa kununuliwa anageuka mwalimu wa bure: kijana anajifunza wapi pa kusimama kona ikipigwa, lini pa kuanguka na lini pa kunyamaza refa akikosea. Huo ndio ukuaji ambao hakuna akademia inayoweza kuufundisha kwa koni za plastiki.

Kwa nini iwe sheria iliyoandikwa, isiachiwe kocha? Kwa sababu kocha ni binadamu mwenye familia. Akipoteza mechi tatu anafukuzwa. Hakuna bodi iliyowahi kumwambia kocha, "Umepoteza, lakini umemkuza yule mtoto wa Chaani, kaa." Ukimwachia hiari atamchezesha mzoefu kila Jumamosi, na mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo. Dakika hizo ziandikwe kwenye mkataba wake kama lengo, sawa na lengo la pointi, na klabu izitangaze hadharani kila mwisho wa msimu. Hapo hata mechi ikipotea, kocha ana karatasi ya kujitetea.

Pendekezo la pili ni la ile miezi saba. Kila Desemba, wiki moja baada ya mitihani, klabu iite wachezaji bora wa shule za Pwani, iwapime, na ichukue kundi dogo moja kwa moja kwenye timu ya vijana, na wanaobaki wapelekwe timu za madaraja ya chini kwa makubaliano. Nauli na chakula cha mchana. Haihitaji bajeti ya kununua straika mmoja. Na kijana anayechukuliwa aunganishwe na kozi, iwe ya ubaharia, ya umeme au ya mitambo. Mama yake akiuliza, "Huo mpira utakulisha?", awe na jibu hata goti likivunjika.

Pendekezo la tatu ni karatasi, na hapa naomba usikilize vizuri wewe mwenye timu ya mtaa. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akihamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine kwa pesa, asilimia 5 ya pesa hizo inagawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 ni asilimia 0.25, na kila msimu wa 16 hadi 23 ni asilimia 0.5. Piga hesabu: kijana umemlea kuanzia 12 hadi 18, siku moja akauzwa Ulaya kwa dola 1,000,000. Sehemu yako ni asilimia 2.5, dola 25,000. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni tatu za Kenya. Nyavu, mipira, viatu na nauli za timu ya mtaa kwa miaka.

Lakini pesa hizo huzioni kama klabu yako haijasajiliwa na shirikisho, na kama yule kijana hakuwahi kuandikishwa kwa jina lako. Kumbukumbu za maskani hazitambuliki Zurich. Ukisema "huyu nilimlea mimi, uliza mtu yeyote Magongo", watakuuliza cheti. Timu ngapi za Changamwe zimelea watu bure namna hiyo?

Sasa nikugeukie wewe unayecheza. Ukiwa na miaka 17, 18, usikae ukisema umenyimwa nafasi kwa sababu wewe ni wa hapa. Kuzaliwa Chaani si namba ya jezi. Dakika 3,060 ninazokuombea ni mlango, kuingia ni juu yako. Hifadhi cheti cha kuzaliwa. Usikubali mtu akupunguzie miaka, kwa sababu mwenye miaka 24 anayejiita 19 anamwibia mdogo wake kiti, na siku akikamatwa jina lake linaharibika kabisa. Hakikisha timu yako imekuandikisha. Na klabu kubwa ikikwambia uende kwanza timu ya daraja la chini, nenda. Bora kucheza mechi 25 kwenye kiwanja cha vumbi kuliko kukaa benchi msimu mzima umevaa traksuti safi ukipiga selfi.

Nikugeukie na wewe shabiki mwenzangu, kwa sababu hapa hata sisi tuna mchango wetu. Mchezaji wa kununuliwa akikosa bao la wazi tunasema hajazoea joto la Mombasa, mpeni muda. Anapewa mechi tano, sita, kumi. Mtoto wa mtaani akipoteza pasi moja, jukwaa zima linamwita kwa jina la babake: "Mtoeni huyo, kwani amewekwa na nani?" Tunamdai mtoto wetu asikosee hata mara moja, halafu tukirudi maskani tunalalamika kwamba watoto wetu hawachezeshwi. Kocha anasikia zile kelele. Bodi pia inasikia.

Chelsea, ambayo nusu ya Changamwe inaishabikia na nusu nyingine inaichukia, inatupa mfano mzuri. Mwaka 2019 FIFA iliifungia kusajili kwa kuvunja kanuni za kusajili watoto. Frank Lampard, hana ruhusa ya kununua, akawachezesha vijana wa akademia: Mason Mount, Reece James, Tammy Abraham. Mashabiki walivumilia makosa yao kwa sababu hawakuwa na jingine la kufanya. Kifungo kilipoisha klabu ikanunua, akiwemo Kai Havertz. Mei 29, 2021, kule Porto, fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya dhidi ya Manchester City ikaisha 1-0. Pasi ya bao ilitoka kwa Mount, aliyelelewa. Aliyefunga ni Havertz, aliyenunuliwa.

Bao lile ndilo jibu langu kwa kambi zote mbili. Ukimwondoa Mount, Havertz hapati mpira. Ukimwondoa Havertz, pasi ya Mount inatoka nje. Na Mount asingekuwa pale kama miaka miwili kabla yake hakungekuwa na mtu aliyelazimika kumpa dakika.

Sisi tusingoje FIFA itufungie ndipo tukumbuke kwamba tuna watoto. Dirisha likifunguliwa tena, Bandari nunueni straika, tena mzuri. Na siku hiyo hiyo mnapomtambulisha, tuambieni pia zile dakika 3,060 mmewapa akina nani. Msipotuambia, sisi wa maskani tutazihesabu wenyewe, mechi kwa mechi, na safari hii tutakuwa na kalamu.